Wanamuziki wa Arusha na Moshi mlioomba viza ya kwenda kupiga shoo nje, tupeane uzoefu

Besi wa Sakina:
Wakuu habari za asubuhi. Napiga besi, bendi yetu tuko saba, mwaka jana tulialikwa Ulaya tukakosa kwenda na mpaka leo roho inaniuma maana kosa lilikuwa letu. Ratiba ilikuwa Paris siku 3, halafu Berlin na Hamburg siku 9, sisi kwa vile ndege inatua Paris tukaandaa maombi ya Ufaransa. Kumbe Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zenye viza moja, unaomba nchi utakayokaa siku nyingi, ile unayoingilia inaangaliwa pale tu siku zikilingana! Tunakuja kushtuka tuko Dar tayari, nauli na gesti za watu saba zimeshaliwa, na maombi yanatakiwa yaingie angalau siku 15 kabla ya safari. Wakati unaruhusiwa kuanza miezi 6 kabla. Aliyetualika akaweka bendi nyingine. Wenye uzoefu wekeni hapa jamani, madogo wa Ngarenaro na Kaloleni wasije wakalia kama sisi.

Ngoma Majengo:
Pole sana mkuu. Mimi niko Moshi, mpiga ngoma, kilichonitesa ni vidole. Vina sugu, mashine ya alama za vidole inakataa, dada wa pale akanipa kitambaa nikafuta, nikabonyeza tena wapi, kidole gumba kimekuja kukubali mara ya tano na foleni nyuma yangu inanuna. Ila alama zikishachukuliwa zinakaa kwenye mfumo wa Schengen miezi 59, safari ya pili sikusumbuliwa. Nilivyoenda ada ilikuwa euro 80, tangu Juni 2024 ni 90, na ukinyimwa hairudi. Bima ya safari isipungue euro 30,000. Halafu msichanganye, viza ni kitu kimoja na ruhusa ya kulipwa ni kingine, kila nchi ya Schengen ina sheria yake ya kazi, mwambieni mwenyeji aulizie huko kwao.

Sauti ya Njiro:
Shikamooni kaka zangu. Mimi naimba, nilialikwa Uingereza, kuna mtu akanishauri niandike naenda kutalii ili viza itoke haraka. Namshukuru Mungu nilikataa. Kule tangu 31 Januari 2024 shoo ya kulipwa ya mualikwa imeingizwa kwenye viza ya kawaida ya mgeni, ila lazima iwe imepangwa kabla hujasafiri, uitaje kwenye maombi, na uifanye ndani ya siku 30 za kwanza. Nilivyofika airport afisa akafungua begi langu akakuta vitenge vya jukwaani vitatu na shanga, akaniuliza hivi vya nini, nikampa barua ya mwaliko, akasoma yote taratibu, akanigongea muhuri. Sasa ningekuwa nimeandika utalii ningemjibu nini?

Mzee wa Kikundi, Moshi:
Marahaba binti. Marekani vijana msikimbilie ubalozini kwanza. Kwa ngoma za asili kuna viza inaitwa P-3, na anayeanza ni mwenyeji wako kule, anapeleka fomu I-129 kwa idara yao ya uhamiaji na mkataba, ratiba na ushahidi kwamba sanaa yenu ni ya utamaduni wenu. Ikipita ndo nyie mnaenda kwenye mahojiano. Sisi tulipeleka picha za vijana wakicheza kwenye harusi na misiba, za miaka mingi, nyingine zimefifia kabisa, na nadhani ndizo zilizotubeba. Na kibali cha BASATA, baraza letu la sanaa, cha kutoka nje msikiache mpaka wiki ya mwisho.

Besi wa Sakina:
Asante sana mzee, shikamoo. Dada wa Njiro, hapo kwa afisa umenigusa. Tuna mwaliko mwingine wa mwakani, Ujerumani siku 10, Ubelgiji 2. Safari hii ni Ujerumani moja kwa moja. Leo jioni mazoezini naanza kukagua paspoti za wote saba, maana paspoti ya mpiga kinanda nahisi inaisha.