Mwamuzi msaidizi asimame wapi kona inapopigwa?

Kibendera Mpya:
Habari zenu, waamuzi wenzangu. Nimeanza kushika kibendera msimu huu. Katika mechi iliyopita kona ilipigwa upande wangu, nami nikasimama kwenye mstari wa pembeni, sambamba na beki wa pili kutoka mwisho, kama nifanyavyo mchezo unapoendelea. Mpira ulipinda hewani kabla ya nguzo ya kwanza, ukarudi uwanjani, ukafungwa kwa kichwa. Mabeki walinijia wakidai kwamba ulikuwa umeshatoka, na kwa kweli sikuwa na jibu la kuwapa. Je, nilikosea mahali pa kusimama?

Mkufunzi:
Ulikosea, ndugu yangu, ingawa ni kosa la wengi wanaoanza. Mahali pako ni nyuma ya kibendera cha kona, ukiwa umenyooka na mstari wa goli, hata kona inapopigwa upande wa pili wa uwanja. Anayepokea mpira moja kwa moja kutoka kwenye kona hahesabiwi kuotea, kwa hiyo kumfuata beki wakati huo hakukusaidii. Linalobaki ni kujua kama mpira wote umevuka mstari, ardhini au hewani, na hilo huliona yule tu ambaye macho yake yako kwenye mstari wenyewe. Ukisogea mita mbili kuelekea katikati ya uwanja, mpira uliotoka na mpira ambao ukingo wake bado uko juu ya mstari utauona kuwa sawa. Kabla ya hapo, hakikisha mpira umewekwa ndani ya robo duara ya mita 1.

Winga wa Zamani:
Shikamoo mkufunzi. Nimepiga kona miaka mingi, na mara kadhaa nilimkuta mshika kibendera amesimama palepale ninapoanzia kukimbia. Afanyeje? Na ikipigwa kona fupi?

Mkufunzi:
Marahaba. Arudi nyuma hatua kadhaa, lakini asiuache mwelekeo wa mstari wa goli, kwa kuwa haruhusiwi kumzuia mpigaji.

Kona fupi ndiyo inayohitaji umakini zaidi. Mwenzake mpigaji akishaugusa mpira, sheria ya kuotea inarudi, na mpigaji aliyezubaa pale kwenye kona, akirudishiwa mpira huo kutoka mbele yake, mara nyingi ndiye anayeotea. Tazama kwanza nguzo zote mbili: kipa na beki mmoja wakiwa wote wawili kwenye mstari wa goli, mpigaji huyo hajaotea. Kwa hiyo anza nyuma ya kibendera, kisha mpira ukishachezwa kimbia kwenda usawa wa beki wa pili kutoka mwisho, au usawa wa mpira ukiwa karibu zaidi na goli.

Kibendera Mpya:
Nashukuru sana. Beki wa kwenye nguzo sikuwahi kumhesabu. Je, kona ikiwa upande wa pili, nani anasimamia zile mita 9.15 ambazo wapinzani wanapaswa kukaa mbali na robo duara?

Mkufunzi:
Mwamuzi wa kati. Wewe usiondoe macho kwenye mstari.