Naomba ushauri: RNA ya hamira yaniharibikia kabla sijaiona
Asalaam aleikum ndugu zangu. Niko Mombasa, nasomea baiolojia ya seli, na mradi wangu ni hamira isiyo na Rrp6, kimeng'enya kinachopunguza ncha za RNA (nakala za jeni). Hamira hutengeneza RNA moja ndefu, iitwayo 35S, kisha vimeng'enya huikatakata hadi zipatikane RNA fupi za ribosomu (mashine ya seli ya kutengeneza protini): 18S, 5.8S na 25S. Rrp6 ikikosekana, baadhi ya 5.8S hubaki na mkia wa nyukleotidi kama 30. Mkia huo ndio ninaousaka. Lakini kwenye jeli ya agarosi, inayotenganisha RNA kwa urefu, naona ukungu mtupu, juu hadi chini, hata kwa hamira ya kawaida! Joto la huku, glavu zimejaa jasho, barafu yayeyuka sijamaliza; nashuku ribonukleasi (vimeng'enya vinavyokata RNA) za ngozi yangu. Mliowahi kutoa RNA huku Pwani, mlifanyaje? Na je, nihamie jeli ya poliakrilamidi, inayofaa vipande vidogo?