Bibi yetu wa igizo la Kilwa tumpe kazi gani?

Wadau, nipo Kilwa Masoko. Kikundi chetu huigiza Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alivyofika Kilwa mwaka 1331. Bibi anayetushonea kanzu na vilemba tangu mwanzo magoti yamemchoka, ngazi za Husuni Kubwa, magofu ya kasri kule kisiwani, haziwezi tena. Sitaki tumkalishe kama pambo.

Jibu, Lindi mjini: Marekani kuna Society for Creative Anachronism, chama cha kuigiza maisha ya Enzi za Kati, ilianza 1966. Waliojitolea sana hupewa daraja la Pelican, na bado hutarajiwa kuelekeza wengine.

Jibu, Mikindani: Mpeni vijana wawili awafundishe kushona. Na nauli yake ya bodaboda msisahau, jamani.

Muuliza swali: Ahsanteni. Nimemuuliza mwenyewe: anataka kumkagua kila mwigizaji kabla hajapanda mashua. Mwaka jana aliyeigiza sultani alivaa saa ya mkononi, bibi ilimuuma sana.