Mrejesho: mkono wangu haukuvunjika

Ndugu zangu, wiki tatu zilizopita niliuliza kama kifundo cha mkono wangu, kilichovimba baada ya kuanguka na chukudu (kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo) hapa Goma, kimeteguka tu au kimevunjika. Mama mmoja alinisihi nibonyeze kishimo kilicho chini ya kidole gumba. Kikiuma, nisikubali kukandwa, niende hospitali. Kiliuma sana! Picha ya kwanza haikuonyesha ufa, lakini daktari alinifunga gango akaniita tena baada ya siku 12, maana kafupa kalikopo kwenye kishimo hicho huweza kuficha ufa mwanzoni. Picha ya pili: mfupa mzima, ni kano zilizovutika. Uvimbe umeisha, nakunja ngumi polepole asubuhi na jioni. Bidoni ya maji bado siwezi kuinua. Mama, aksanti sana.