Maji ya boza yananimaliza: gesti ya vyumba 14 Paje, nipunguze wapi?

Msimamizi wa Gesti
Asalaam alaykum wakuu, na wengine wote habari zenu. Naomba ushauri wa watu waliowahi kufanya kazi hotelini. Tafadhali msinambie nipandishe bei ya chumba, hilo mwenye mali hataki hata kulisikia.

Nasimamia gesti ya vyumba 14 hapa Paje, Unguja. Vyumba 8 viko chini, 6 ghorofani. Tuna kisima, simtank mbili za lita 5,000 juu ya mnara, bwawa dogo la mita 8 kwa 4, na bustani ya ukoka ambayo mwenye mali anaipenda kuliko anavyotupenda sisi. Mpaka mwaka juzi kisima kilitutosha. Siku hizi pampu ikiwashwa alfajiri, ikifika saa nne maji yameshaingia chumvi: sabuni haitoi povu, chai hainyweki. Kwa hiyo tunanunua boza. Januari peke yake tumeshusha maboza 11 ya lita 10,000, na bili imeupita umeme.

Wageni wetu wengi ni wa kaiti, ule mchezo wa kuteleza juu ya bahari ukivutwa na kishada. Wakitoka baharini wanasuuza vishada vyao kwa mpira, koki wazi, huku wanapiga soga. Nimeweka vikadi bafuni kwamba taulo likitundikwa halibadilishwi, lakini sijaona tofauti. Sasa kuna muuzaji kaniletea vichwa vya shawa vya kubana maji, 14 kwa mpigo, na anataka pesa wiki hii. Ninunue?

Fundi Koki
Usitoe hata senti kwanza. Wewe unajua umenunua maboza 11, lakini hujui yamekwenda wapi. Dawa ya nini utainunua na ugonjwa hujaujua?

Usiku chukua ufito mrefu, panda mnarani, uchovye kwenye kila tangi mpaka chini, utie alama maji yalipofika. Fanya hivyo saa saba usiku na urudie saa kumi na nusu, pampu ikiwa imezimwa. Tangi la upana wa mita 1.8, kila sentimita moja ya kimo ni kama lita 25. Wageni wamelala, dobi kafunga, kwa hiyo maji yakishuka sana, kuna mahali yanatoroka. Kwa uzoefu wangu ni vyooni. Raba ya chini ya tangi la choo ikichakaa, maji yanateremka kimya kimya usiku na mchana, huyasikii wala huyaoni. Tia bluu ya kufulia ndani ya tangi la choo, usiguse kitu kwa nusu saa, halafu chungulia bakuli. Ukiona bluu, raba imekwisha. Na maji yenu ya matumbawe yana chokaa nyingi, raba na floti (lile boya linalofunga maji tangi la choo likijaa) hazidumu.

Shawa nazo zipime kwa ndoo ya lita 10 na saa ya simu. Ikijaa chini ya sekunde 60 inamwaga kupita kiasi. Ikichukua zaidi ya hapo iache ilivyo, ukiibana tena mgeni atakaa na povu kichwani na kukuandikia maneno mabaya mtandaoni.

Kijana wa Mjini
Si waoge baharini tu, bahari ipo hapo hapo 😂

Mtandika Vitanda
Kijana wa Mjini, kaa pembeni watu wazima tuzungumze.

Kaka msimamizi, mie nimetandika vitanda miaka sita katika hoteli ambayo sitaitaja. Vile vikadi tulikuwa navyo, na mataulo tulikuwa tunayabadilisha yote kila siku. Unajua kwa nini? Msimamizi wetu akikuta taulo lina mkunjo, anakusema mbele ya wenzako. Nani atahatarisha mkate wake kwa ajili ya kikadi? Kutundua na kuweka jipya ni dakika moja, kuanza kukagua lipi limetundikwa na lipi liko sakafuni ni kazi nyingine. Waambie wasichana wako kwa kinywa chako kwamba shuka ni kila siku ya tatu au mgeni akiomba, na kwamba hakuna atakayesemwa kwa taulo lililotundikwa. Halafu mhesabie dobi mizigo ya mashine kwa wiki, kabla na baada.

Jambo jingine waangalie wanavyoosha bafu. Sisi tulikuwa tunafungua shawa ya moto ikimwagika muda wote tunaposugua. Hakuna aliyetufundisha vingine.

Kaka wa Diani
Huku kwetu Diani, pwani ya Kenya, hizo shida tunazijua. Kwa kaiti, weka pipa kubwa mbili za kuchovyea: ya kwanza ya kutoa mchanga, ya pili ya kusuuza. Maji yake yatoke kwa kisima chako hicho hicho cha chumvi kidogo, kishada hakijui tofauti. Mpira uuondoe kabisa. Ukiuacha pale, wataushika.

Bwawa nalo: jaza ndoo maji ya bwawa, ikae juu ya ngazi ya kuingilia, tia alama ndani ya ndoo na ukutani mwa bwawa. Kesho yake kama bwawa limeshuka zaidi ya ndoo, linavuja. Kama vimeshuka sawa, ni jua na upepo tu, ulifunike usiku.

Mwanamwani
Nasoma nanyi hapa, nimezaliwa pwani hiyo hiyo ya mashariki. Mama yangu analima mwani. Kisima alichokuwa anachota tangu utoto wangu sasa kinanukia bahari, na ndoo ya kunywa ananunua. Sikulaumu wewe, visima vya hoteli ni vingi. Lakini elewa chumvi yako imetoka wapi. Maji matamu huku ni kama mafuta juu ya mchuzi, yameelea juu ya maji ya bahari ndani ya mwamba. Ukishusha maji matamu sentimita moja, ya chumvi chini yake yanaweza kupanda hata sentimita 40. Kwa hiyo usivute kwa pampu kubwa asubuhi moja mpaka iteme chumvi. Weka pampu ndogo, vuta kidogo kidogo, pumzika, vuta tena.

Na huo ukoka, jamani. Mtafiti Stefan Gössling alipima matumizi ya maji kwenye utalii wa pwani hii, akachapisha mwaka 2001: wastani wa lita 685 kwa mtalii kwa siku, na katika mahoteli karibu nusu ya maji ilikwenda bustanini. Nusu! Kwa nyasi ambazo hata mbuzi haruhusiwi kuzigusa.

Msimamizi wa Gesti
Narudi baada ya siku tisa. Ahsanteni sana, na Fundi Koki Mungu akuzidishie.

Matangi mawili yalishuka jumla ya sentimita 12 kati ya saa saba na saa kumi na nusu, yaani kama lita 300. Nilipiga hesabu palepale mnarani, mbu wananimaliza: ikiendelea hivyo mchana na usiku ni lita 2,000 na kitu, boza moja kila siku tano! Asubuhi nikatia bluu vyoo vyote 14. Vinne vikageuka buluu, na cha tano floti yake ilikuwa imekwama, maji yanaingia juu ya bomba la kumwagia ziada. Raba nne na floti moja nimenunua Mwanakwerekwe, hazikufika hata bei ya robo boza. Juzi nimechovya ufito tena: sentimita 2.

Shawa za chini zinajaza ndoo kwa sekunde 36, za ghorofani 70. Nimechukua vichwa 8 vya chini tu, muuzaji kanuna.

Mapipa ya kaiti yapo. Dobi amepunguza mizigo kutoka 31 kwa wiki hadi 22, na Mtandika Vitanda, wasichana wangu walicheka sana niliposoma maneno yako, wakasema "huyu alikuwa wapi siku zote".

Kilichobaki ni ukoka. Nimemwambia mwenye mali tung'oe nusu tupande mikadi na bogenvilia, tuweke changarawe. Kanijibu, "Wageni wanapenda kijani." Nimwambieje?

Mwanamwani
Usimwambie. Mfungie mita kwenye mpira wa bustani, umpelekee risiti ya boza na namba ya mita pamoja, kila Ijumaa.

Fundi Koki
Mita ya nusu inchi inatosha. Na maji ya shawa uyapitishe kwenye shimo la mchanga yaende kwenye minazi, usiyapeleke kwenye mchicha.

Msimamizi wa Gesti
Mita naifunga kesho.