Ukiwa nje ya nchi, mahafali, ubatizo na harusi mnasherehekeaje? Watu wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe tupeane uzoefu

Mwana Uyole

Habari zenu wakuu. Naishi Leeds, Uingereza, na mwaka jana mwezi wa saba nilihitimu shahada ya pili. Joho la kukodi, nafasi mbili za wageni. Mama asingeweza kuja. Anayedhani tatizo ni nauli tu hajawahi kumwombea viza mama anayeuza viazi: kwanza safari ya Dar kutoa alama za vidole, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya, halafu wanataka taarifa za benki, wakati pesa ya viazi inalala kwenye simu na kwenye pindo la kanga. Basi nafasi zile wakakaa Mghana ninayepanga naye na dada mmoja wa Tanga. Tukala kuku, tukapiga picha, kesho yake kazini.

Nikamtumia mama picha. Akashukuru, akaniombea palepale kwenye simu, kisha akauliza sherehe ni lini. Nikamwambia ndiyo hiyo mama. "Hiyo ya chuo mwanangu. Ya kwetu lini?"

Wapo watakaosema gharama za bure. Mimi nipo upande wake. Jambo la mtu aliyeko nje halijakamilika mpaka watu wa nyumbani wamekaa chini ya turubai wakala. Hao ndio waliochanga ada yangu ya sekondari, na picha ya joho hailiki. Kwa hiyo napanga kufanya shukrani pale Uyole. Mliotangulia mlifanyaje? Na mliobaki nyumbani msikae kimya, tiririkeni.

Kaka Mkubwa

Mkuu umegusa penyewe. Nipo Minneapolis, baba alishatangulia mbele ya haki, hivyo wadogo zangu wa kike mimi ndiye mzazi wao. Wa kwanza send-off yake ilikuwa mwezi wa pili, ukumbi maeneo ya Mafiati. Kadi inasema saa kumi na mbili jioni. Kwangu huku ni saa tatu asubuhi, nikaona safi, zamu yangu inaanza saa sita mchana, muda upo wa kutosha. Nikavaa suti mwenyewe sebuleni.

Sasa wakuu, send-off ya Mbeya ianze kwa saa ya kwenye kadi? Bibi harusi kaingia ukumbini saa mbili na nusu usiku. Utambulisho wa ukoo, utambulisho wa kamati, mara keki. Zamu ya kuongea mwenye familia ilipofika mimi nipo kwenye gari naelekea kazini, MC kashika simu ya mdogo wangu kaibana kwenye maiki, inavuma tu. Nimeongea ya maana, wamesikia "halo, halo". Baba mdogo akaokoa jahazi.

Wa pili nilijipanga tofauti. Nilirekodi salamu zangu siku moja kabla, dakika chache tu, nikamtumia MC, kamati, na baba mdogo, kila mmoja na nakala yake. Saa yoyote watakayoanza, mimi nipo. Na nilimwachia baba mdogo jambo moja la kufanya kwa jina langu: kumpa bwana harusi mkono na kumwambia maneno niliyomwambia aseme. Ukumbi ulilia. Yaani simu ya moja kwa moja nimeachana nayo kabisa.

Jamaa wa Tukuyu

Ujerumani hapa. Birthday wenzetu wanayo kali: mwenye siku ndiye analeta keki kazini awalishe wenzake. Na usimpongeze mtu kabla ya siku yenyewe, kwao ni mkosi. Mimi nimekaa nangoja keki, wao wanangoja keki. 😀 Jioni Watanzania wa mji huu wakanifanyia ya kwetu, ndoo ya maji kwenye baraza, mwezi wa kwanza, nje barafu. Jirani wa chini akapanda kuuliza kama kuna bomba limepasuka.

Nyongeza kwa wanaopokea wazazi Ulaya. Mama alipokuja kunisaidia mtoto alipozaliwa alibeba nusu ya shamba la Rungwe. Nchi za Umoja wa Ulaya, nyama na maziwa kutoka kwetu havipiti. Matunda yanayopita bila cheti cha afya ya mimea ni ndizi, nanasi, nazi, tende na duriani, basi. Ndizi za mama zikapita, maparachichi yakabaki uwanja wa ndege. Mpaka leo anaamini yule askari alikwenda kuyala nyumbani kwake.

Mke wa Mpakani

Mnaongelea nje kama vile nje ni Ulaya peke yake. Mimi nje yangu ni Nakonde, nimeolewa ng'ambo ya barabara, kwetu Tunduma nakuona kwa macho. Na bado sherehe zinatutoa jasho! Zambia wako nyuma yetu saa moja. Ubatizo wa mwanangu wa kwanza ibada saa nne, sisi tunajua ni saa nne ya Nakonde. Kwetu wakaamka alfajiri, wakavaa sare, wakavuka mpaka, wakafika saa nne yao. Kanisani yuko fundi wa spika na mbuzi wa mchungaji. Mama na mashangazi wakakaa kwenye benchi saa nzima wamenuna, wakaanza kusema ukweni wametudharau, hawajaja hata kutupokea. Mama mkwe anafika anakuta nyuso hizo, naye akanuna. Pilau ndiyo ilisuluhisha.

Siku hizi kadi zangu naandika saa zote mbili, ya huku na ya kule. Michango nayo tunaweka madaftari mawili, la kwacha na la shilingi, tukijumlisha pamoja lazima mtu aseme kaibiwa kwenye kubadilisha.

Mwana Uyole

Mbuzi wa mchungaji! 😂😂 Dada umenimaliza.

Wa Ipinda

Mimi nipo Muscat, kazi za ndani. Ninyi mna bahati ya kuomba ruhusa. Mwanangu yuko kwa bibi yake Ipinda, Kyela, alimaliza darasa la saba. Mchana simu yangu inakaa kwa mama mwenye nyumba mpaka nimalize kazi. Kwa hiyo niliona mahafali usiku, video za kuungaunga walizonitumia.

Nilichofanya ni hiki. Nilituma gauni mbili za kitambaa kimoja, moja yangu, moja ya mdogo wangu. Walipoita wazazi wasimame na watoto wao, mama yake mdogo akasimama na gauni lile. Na mimi siku hiyo kutwa nilivaa langu chini ya dera la kazi. Mtoto nilishamwambia kabla. Ananiambia mpaka leo, mama siku ile tulikuwa watatu.

Kaka Mkubwa

Dada wa Ipinda, Mungu akutunze.

Mama Gangilonga

Kamwene wanangu. Mimi ni shangazi, nipo Iringa, nazungumza kwa niaba ya tunaotumiwa hela na maelekezo.

Binti ya kaka yangu aliolewa Kanada, wakafunga ndoa ya serikali huko na mume wake wa huko. Sisi tukasema hapana, mwali hatoki bila kufundwa, kitchen party lazima. Akakubali, tukapanga saa kumi jioni yetu, saa tatu asubuhi yake. Mwali wetu yuko kwenye televisheni, tumeifunga kwenye meza ya mbele na maua. Wakati wa somo umefika, milango imefungwa, wanaume wametolewa, somo anafungua mdomo, huko nyuma ya mwali anapita mume na kikombe cha kahawa kasimama anatupungia mkono! Ukumbi mzima ukapiga kelele. Tukamwambia mtoe huyo. Anasema shangazi haelewi Kiswahili. Hata kama haelewi, vitendo ataelewa! Akatolewa, tukaendelea.

Sasa malalamiko yangu. Binti alitaka sare ya kijani fulani ya kwenye picha. Tumezunguka maduka ya vitenge Iringa mjini mpaka miguu imevimba, kila jioni tunatuma picha, kila jioni anasema shangazi hiyo imeiva sana. Mwisho tukanunua kilichopo. Zawadi nazo: seti ya masufuria, mabeseni, ungo, chungu, mwiko. Vyote viko stoo kwangu vinamsubiri, ndege gani itabeba ungo?

Mwana Uyole, naungana na mama yako kuhusu kula. Ila usidhani ukituma hela ya pilau umemaliza. Hela inafika kwa mtu mmoja, wengine wanaona sherehe ya huyo mtu. Piga simu wewe mwenyewe. Mpigie anayekodisha maturubai, mpigie mama wa jumuiya mwambie nakuomba usimamie jiko, mpigie yule mjomba mgomvi mpe kazi ya kufungua kwa sala. Mtu aliyeombwa na mwenye shughuli anakuja na kuni zake. Mtu aliyepelekewa habari na kamati anakuja na sahani.

Binti Mufindi

Shikamoo shangazi. Umenikumbusha mambo ya jiko. Nipo Göteborg, Uswidi. Ubatizo wa mwanangu nilitaka watu wanywe togwa, siyo kahawa na kipande cha keki wakaondoka. Mama alimpa mtu aliyekuwa anakuja kimea cha ulezi kilichosagwa. Nikapika uji wa mahindi mwepesi, nikauacha mpaka kidole kinavumilia, nikatia kimea. Mafinga ukilaza usiku mmoja asubuhi tayari. Hapa nyumba ina joto la kipimo, siku ya pili bado ni uji mtamu tu. Nikasogeza ndoo kwenye chuma cha kupasha joto dirishani, nikaifunika na blanketi la mtoto. Siku ya tatu ikaanza kutoa povu pembeni na ile harufu ya kwetu, nikajua shughuli ipo. Wazungu wa kanisani walikunywa wakaomba tena. Mchungaji aliuliza kama ina kilevi, baada ya kumaliza kikombe.

Mwana Uyole

Shangazi nimekuelewa, kesho naanza kupiga simu. Nilikuwa nafikiria Desemba, si watu wengi wanakuwa wamerudi?

Mama Gangilonga

Desemba mvua mwanangu, turubai litavuja, na magari ya kutoka Tukuyu yatakwama kwenye tope. Tena Desemba kila nyumba ina shughuli, utagombania sufuria. Njoo mwezi wa saba, kukavu. Baridi ya Uyole ya mwezi wa saba unaijua mwenyewe, washeni moto uani watu wataukalia.

Jamaa wa Tukuyu

Mwezi wa saba nitakuwa likizo, nihesabuni. Iringa mlete ulanzi.

Binti Mufindi

Ulanzi mwezi wa saba? Mianzi inatoka masika kaka. Labda ule wa kwenye madumu uliobaki, na huo ukiunywa utasahau umekuja kumpongeza nani.