Kosa la Victor Frankenstein: kuumba au kutelekeza?

Wadau, kila kinapotajwa Frankenstein, kitabu cha riwaya cha Mary Shelley kilichotoka London mwaka 1818, wengi husema ni onyo kwa wanasayansi: Victor, mwanafunzi aliyetengeneza kiumbe hai kwa viungo vya maiti, aliitamani kazi ya Mungu, akaadhibiwa. Mimi nakataa. Nimekirudia juzi, na kilichoniuma si maabara, ni mahakama.

Justine Moritz, msichana wa kazi wa akina Frankenstein, anashtakiwa kumuua mtoto William, mdogo wake Victor, kwa sababu picha ndogo aliyoivaa mtoto imekutwa mfukoni mwake. Victor yumo humohumo mahakamani. Ana hakika muuaji ni kiumbe wake aliyemtengeneza kule Ingolstadt, mji wa Ujerumani alikosoma. Ananyamaza, eti atasema nini asionekane mwendawazimu! Justine anakiri uongo baada ya padri kumtisha kwamba atatengwa na kanisa, na anauawa. Halafu Victor anathubutu kusema mateso ya mshtakiwa hayakufikia yake. Hapo nilifunga kitabu nikakaa kimya.

Ndiyo, aliyeitia ile picha mfukoni ni kiumbe mwenyewe, msichana akiwa usingizini. Simsafishi, ana damu mikononi. Lakini turudi usiku ule wa Novemba kiumbe alipopata uhai, mvua inapiga madirishani. Kiumbe anafunua pazia la kitanda cha Victor, anatoa sauti zisizoeleweka, ananyoosha mkono. Ni mtoto mchanga mwenye urefu wa futi 8. Baba anatimua mbio ngazini hadi uani. Kwetu anayefanya hivyo tunasema ametelekeza mtoto, na hatuanzi kujadili kama ilikuwa halali mtoto azaliwe.

Na upweke wa Victor, mnaomhurumia, aliujenga mwenyewe. Miaka miwili hakukanyaga kwao Geneva. Rafiki yake Clerval alifika asubuhi iliyofuata usiku ule, akamuuguza miezi kadhaa bila kuambiwa chochote. Miaka baadaye Clerval akanyongwa na kiumbe huyohuyo, bila hata kujua kwamba yupo. Angeambiwa mapema, angalau angejua kuna hatari. Ile siri imeua zaidi ya umeme na mifupa ya makaburini.

Kwa hiyo anayeshikilia kwamba tatizo ni sayansi anijibu: siku Justine anahukumiwa, ni elimu gani iliyomziba Victor mdomo?